Mrejesho: nyumba ya mbao ya Paje imeshafika Kitogani

Assalam alaykum ndugu zangu. Niliwauliza kama inafaa kuichukua nyumba ya mbao ya vyumba 2 ambayo mwenye hoteli Paje, huku Unguja, alikuwa akiitoa bure kwa atakayeiondoa, niipeleke kwenye kiwanja chetu Kitogani, mama apate pa kukaa. Alhamdulillah, anaishi ndani sasa.

Ushauri uliotufaa kuliko wote ni wa kuziandika mbao namba kwa rangi na kupiga picha kila ukuta kabla ya kung'oa hata msumari mmoja. Fundi aliguna, lakini siku ya kusimamisha hakuna aliyebishana ubao upi unakwenda wapi. Barua pia: mwenye hoteli aliandika kuwa ametupa, na sheha (kiongozi wa serikali wa eneo) tukamjulisha mapema. Njiani gari ilisimamishwa, karatasi ikajibu.

Paa ndilo lililoshindikana. Mabati yalikuwa yameliwa na chumvi ya bahari, yakachanika mikononi. Mbao za sakafu upande wa choo zilikuwa na mchwa, hizo tulizichoma. Aliyesema ya bure ina gharama zake alisema kweli: mabati mapya, gari, msingi wa mawe na saruji. Hata hivyo haikufika nusu ya bei ya kujenga ya matofali.

Nguzo zimekaa juu ya msingi, hazigusi udongo, na zimepakwa dawa ya mchwa. Umeme bado.

Aliyenishauri kuhusu namba, Mungu akulipe kheri. Mama anakuombea dua.