Petunia zinaungua kingo za majani, nisaidieni (Dar)

Mama Nasra
Wakuu, habari za jioni. Nipo Dar, upande wa pwani. Getini nina tuta la maua linalopigwa na jua kutwa, na barazani nimepanga ndoo zenye petunia. Zilitoka kitaluni zimechanua vizuri, sasa majani yanakauka kuanzia kingoni, japo namwagilia asubuhi na jioni. Mwezi wa pili tuna harusi hapa nyumbani, natamani sana pawe na rangi.

Mkulima wa Uani
Pole dada. Maji ni ya bomba au ya kisima? Na ukingoni mwa ndoo kuna utando mweupe?

Mama Nasra
Ya kisima, yana chumvi kwa mbali. Utando upo, ukiukwangua unatoka kama unga.

Mkulima wa Uani
Basi mchawi ni chumvi. Maji yanakauka, yenyewe inabaki, na kila ukimwagilia unaongeza nyingine. Kwenye tuta mvua huishusha chini, kwenye ndoo haina pa kwenda. Hakikisha ndoo zina matundu, kisha mimina maji ya mvua au ya bomba mengi mpaka yatiririke chini, urudie tena. Visahani vya chini toa. Na usirudie kumwagilia mpaka udongo wa juu ukauke.

Bibi Bustani
Mwanangu, hata chumvi ikiisha, petunia hapendi joto la Desemba la Dar. Lushoto na Arusha anastawi. Huku mpande kipupwe, Juni hadi Agosti. Sasa hivi weka vinka. Asili yake Madagaska, jua kali kwake si kitu, ila maji yakituama shina linaoza. Kwenye ndoo weka potulaka: majani yake manene yanatunza maji na chumvi kidogo anaivumilia. Siku ya mawingu maua yake hufumba, usishtuke.

Getini mwaga zinia, mbegu moja kwa moja ardhini. Huota ndani ya wiki moja na kuchanua baada ya wiki 8 hivi, kwa hiyo anza wiki hii. Acha sentimita 30 kati ya mche na mche, zikibanana majani hushikwa na ukungu mweupe. Mche ukifika urefu wa kiganja, kata ncha utoe matawi. Ua likinyauka likate, lisiishie kutengeneza mbegu.

Fundi Kitalu
Naongezea: samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri inatosha. Ya kuku usitie kwenye ndoo hizo, nayo ina chumvi nyingi. Urea itakupa majani matupu.

Mama Nasra
Asanteni sana, Mungu awabariki. Jirani ana potulaka nyekundu na za njano. Akinipa vijiti tu bila mizizi vitashika?

Bibi Bustani
Vinashika. Kata urefu wa kidole, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kidogo.