Mrejesho: Majirani wa Burnt Forest, tulipofika

Wapendwa, niliwauliza tuwakutanisheje majirani Wakikuyu na Wakalenjin hapa Burnt Forest, mji mdogo wa Uasin Gishu nchini Kenya, ilhali nyumba zilizochomwa 1992 na tena baada ya uchaguzi wa 2007 hazijasahaulika. Asanteni mno. Nilimfuata aliyesema tusianze na baraza, tuanze na akina mama wa sokoni. Sasa kumi na wanne wana chama. Kila Jumamosi mwenye zamu huwakaribisha nyumbani kwake. Mama mmoja aliingia boma ambalo hakuwa amelikanyaga tangu vurugu zile. Alilia, wakampa mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, wakakaa naye hadi jioni.

Ushauri wa kuwaita wazee ulifaulu nusu: walikuja, lakini mashamba yalipotajwa wawili wakaondoka. Suala la ardhi bado limetushinda.