Naomba ushauri: akiba yangu niende nayo Nairobi au ninunue gitaa?

Habari zenu wakuu. Niko Mwanza, Kirumba, na muziki wa roki naupenda tangu nikiwa sekondari. Nilianza na Queen, bendi ya Uingereza. Jamaa alinionyesha video ya tamasha la hisani la Live Aid, uwanja wa Wembley, London, Julai 1985: mwimbaji wao Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, anainua mkono na uwanja mzima unapiga makofi kwa pamoja. Zile dakika kama 20 nimezirudia mpaka najua anapovuta pumzi.

Baadaye nikahamia Metallica na Iron Maiden, na siku hizi ni bendi ya Crystal Axis ya Nairobi. Hao wananigusa zaidi, maana ni majirani zetu kabisa. Lakini sijawahi hata siku moja kusimama mbele ya jukwaa nikasikia dramu na besi zikinigonga kifuani. Jioni nakaa Capri Point na spika ndogo, nasikiliza peke yangu hadi giza linaingia ziwani.

Sasa nina laki tano na nusu. Nipande basi la Nairobi kupitia mpaka wa Sirari nikaone bendi laivu, au ninunue gitaa la umeme la mtumba? La kwanza niliagiza kwa mtu, likaja shingo imepinda, nyuzi ziko juu hata kidole hakibonyezi. Naogopa kurudia.

Mliowahi kwenda, ratiba za maonyesho mnazipataje mapema, na kiingilio huwa kiasi gani? Na kama kuna mpiga dramu hapa Mwanza, tafadhali ajitokeze.