Naomba ushauri: kundi letu la kuangalia ndege limekuwa kubwa mno

Hamjambo wapenzi wa ndege? Naratibu matembezi ya majirani pale Arboretum, ile bustani ya miti jijini Nairobi, Jumamosi asubuhi. Ni Machi sasa, ndege waliokuja kukwepa baridi ya Ulaya wanajiandaa kurudi, na kufikia mwisho wa Aprili wengi watakuwa wameshaondoka. Shida ni kwamba tumejaa. Wa mbele wanaona ndege, wa nyuma wanaona migongo. Juzi kulikuwa na mmoja mdogo, manjano hafifu kifuani na mstari juu ya jicho, akirukaruka matawini akidonoa wadudu. Darubini haijafika hata kwa mtu wa tatu, simu ikalia, na ndege huyooo! Mwenye simu akapokea tu.

Nimejaribu kugawa makundi mawili, lakini anayewajua ndege ni mmoja na darubini ni chache. Matembezi ya Jumatano ya Nature Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira, ni mazuri, ila wengi wetu tuko kazini.

Naomba kujua: kiongozi mmoja anamudu watu wangapi bila kuwafukuza ndege? Na masika yakianza, mvua ikinyesha alfajiri mnaahirisha au mnangoja ikatike? Mimi ningengoja, maana kumbikumbi wakitoka ndege hufurika, lakini wenzangu wananuna wakiona tope.