Tupeane uzoefu: fanksheni moja ya Bash itoe kilo na fedha kwa pamoja

#1
Wakuu, tuchukulie skripti ya Bash (sheli, yaani programu inayotekeleza amri za maandishi) ya mzani wa pale mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza. Inapokea uzito wa jumla, idadi ya kreti na bei ya kilo. Sangara kilo 84, kreti 3 za kilo 2 kila moja, bei tuseme 8,000. Majibu ni kilo 78 na shilingi 624,000. Mnayatoaje yote mawili?

#2
Sahau `return`. Hiyo kazi yake ni kusema imefaulu au imeshindwa, namba 0 hadi 255 basi. Ubaya ni kwamba 78 itapita vizuri ukadhani umemaliza, halafu 624000 inatoka 128, yaani salio la kugawa kwa 256. Mwenye samaki akilipwa 128 mtaelewana wenyewe. Chapisha majibu mstari mmoja, uyasome:

```
pima() {
  local safi=$(( $1 - $2 * 2 ))
  echo "$safi $(( safi * $3 ))"
}
read -r kilo fedha < <(pima 84 3 8000)
```

#3
Na asiandike mtu `pima 84 3 8000 | read -r kilo fedha`. Kwenye Bash, `read` iliyo upande wa pili wa bomba (`|`) inaendeshwa kwenye sheli ndogo ya pembeni; ikifa, inakufa na vigeu vyake (`kilo` na `fedha`). Unabaki na `$kilo` tupu bila hata onyo.

#4
Mkuu #2, hiyo ya kwako ina tundu. `pima` ikishindwa hutajua, kwa sababu hali (imefaulu au imeshindwa) unayoiona ni ya `read`. Tenganisha:

```
jibu=$(pima 84 3 8000) || exit 1
read -r kilo fedha <<< "$jibu"
```

Ikiwa ndani ya fanksheni, andika `local jibu` mstari wake peke yake. Ukiunganisha `local jibu=$(...)`, `local` yenyewe inafaulu na kulifunika kosa.

Tena, ujumbe kama "Inapima..." upeleke `>&2`, njia ya makosa, usichanganyike na majibu. Usipofanya hivyo neno hilo ndilo litakaloingia kwenye `kilo`.

#5
Ukiongeza aina ya samaki, iweke mwisho, maana kigeu cha mwisho cha `read` hubeba kila kilichobaki, nafasi zikiwemo: "sato mkubwa" atafika mzima. Akikaa mwanzoni, "mkubwa" anahamia kwenye kilo. Kama kuna sehemu inayoweza kuwa tupu, tenganisha kwa `|` na utumie `IFS='|' read -r ...` (`IFS` ndiyo alama ya kutenganisha). Alama ya Tab haifai: mbili zikifuatana zinahesabiwa moja na majibu yanasogea.

#6
Mzani ukisoma 84.5 Bash itagoma, haijui desimali. Fanya hesabu kwa gramu (84500, kreti 2000), zidisha kwa bei, ndipo ugawe kwa 1000. Ukianza na kugawa, nusu kilo imepotea.

#7
Kuna `local -n` pia, unapitisha majina ya vigeu na fanksheni inavijaza moja kwa moja. Inahitaji Bash 4.3, na ile inayokuja na Mac ni 3.2. Jina la ndani likifanana na la nje, italalamika kuhusu mzunguko wa majina. Yape ya ndani kiambishi, mfano `_k`.

#8
Kama juu umeandika `#!/bin/sh` na uko Ubuntu, `< <(...)` na `<<<` hazifanyi kazi, hiyo ni dash, sheli nyingine, si Bash. Huko ni `set -- $(pima 84 3 8000)`, kisha `$1` na `$2`. Hoja za skripti (ulizoipa ulipoianzisha) zihifadhi kabla, zinafutika.