Mazda Roadster ya 1991 hapa Mtwara: nikague nini kabla ya kununua, na niitunzeje?

Mzee wa Shangani

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa watu wanaolijua gari hili kwa kulishika. Kuna Mazda Roadster ya 1991 (Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster) inauzwa hapa Mtwara: injini 1.6, gia za mkono, hudi nyeusi ya turubai, imetembea kilomita 148,000. Nimestaafu, naishi Shangani, upepo wa bahari unanifikia moja kwa moja. Gari la shughuli za nyumbani ninalo. Hili nalitaka kwa ajili ya raha ya kuendesha: asubuhi hadi Mikindani, mara moja moja Lindi, na Masasi kwa ndugu.

Hela ni ya kiinua mgongo, haina nafasi ya kurudia. Nikague nini? Chumvi italifanya nini? Spea je? Halafu magoti yangu si ya ujana, na kiti chake kiko chini sana.

Spana Kumi na Mbili

Shikamoo mzee wangu. Anza na bati, injini baadaye. Injini hii ni B6, ndugu na zile za Mazda Familia, na fundi mtulivu wa Mtwara anaimudu. Bati lililooza ni habari nyingine, kwa sababu gari lisilo na paa la chuma linategemea mabati ya chini ya milango kubeba uzito na misukosuko yote.

Kutu ya Roadster ina mahali pake pa kujificha. Hudi ina mifereji miwili ya maji, mmoja kila upande nyuma ya viti, na maji yake hutokea chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Vumbi na majani vikiziba, maji yanabaki ndani ya bati la chini ya mlango na kulila kutokea ndani. Rangi itang'aa nje huku ndani kumekwisha. Beba chupa ya nusu lita, mimina polepole kwenye kona ya nyuma ya hudi huku mtu mwingine anachungulia chini. Maji yatoke ndani ya sekunde chache, pande zote mbili. Kisha bonyeza kwa kidole gumba ile sehemu ya mwisho ya bati inayokutana na madigadi ya nyuma. Pitisha hapo sumaku ndogo uliyoizungushia kitambaa. Isiposhika, unagusa puti, si chuma.

Ingia kwenye buti, upande wa kulia, ng'oa betri. Ya asili ni ya kufungwa, isiyoongezwa maji, yenye vipira vya kutolea hewa nje ya gari. Watu huweka betri ya maji ya kawaida, mvuke wa asidi ukabaki ndani na kula bati chini yake.

Sasa injini. Roadster za 1989 hadi katikati ya 1991 zilitoka na krenki yenye ncha fupi mbele. Boliti ya puli isipofungwa sawasawa, kii (kipande cha chuma kinachoshikilia puli isizunguke peke yake) inacheza, inakula mfereji wake, taiming inahama na gari linapoteza nguvu bila sababu ya kueleweka. Hesabu mianya kwenye uso wa puli ya krenki: minne ni ncha fupi, minane ni ndefu. Washa injini, itazame puli. Ikiyumba, ondoka. Isipoyumba, ncha fupi peke yake haikuzuii kununua, ila hakikisha boliti hiyo haifungwi na mtu asiye na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Mkanda wa taiming ni wa kilomita 100,000. Usiposikia tarehe na kilomita ulipobadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa. Habari njema ni kwamba kwenye 1.6 hii ukikatika, valvu hazigongani na pistoni. Utasimama barabarani lakini injini itapona. Ukibadilisha, badilisha pamoja na pampu ya maji, bearing ya kukaza mkanda, ile ya kuuongoza, na sili za krenki na kemshafti, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile. Mwambie fundi ahesabu meno ya mkanda kati ya alama ya I na alama ya E kwenye puli za juu: yawe 19. Yakiwa 18 au 20, injini itawaka lakini haitavuta.

Ukisikia tik-tik juu ya injini asubuhi, usiogope sana. Ni vibebeo vya valvu vinavyotumia presha ya oili. Oili safi ya 10W-40 hupunguza mlio huo. Ujazo ni kama lita tatu na nusu pamoja na filta, ila amini kijiti.

Bi Rejeta

Nyongeza kwa Spana, kwa sababu joto letu haliachi nafasi ya uzembe kwenye maji.

Tazama tangi la juu la rejeta. Ni la plastiki, na likiwa jipya ni jeusi. Likigeuka hudhurungi limeshachoka na litapasuka kwenye mshono, mara nyingi mkiwa mbali na nyumbani. Mzee, usidanganywe na geji ya joto. Mazda waliitengeneza ibaki katikati hata joto likibadilika sana, ikianza kupanda ujue injini tayari imechemka. Kwa hiyo angalia kulanti kila wiki injini ikiwa baridi. Mfumo wote unachukua lita 6, nusu kulanti nusu maji yaliyochujwa. Maji ya kisima ya huku kwetu mengi yana chumvi, yasiingie kabisa kwenye rejeta. Mpira wa maji ulioko nyuma ya injini, unaokwenda kwenye hita, husahaulika kwa sababu hauonekani. Ubadilishe hata kama hita hutaiwasha maishani.

Ukiona oili inachuruzika nyuma ya injini na kushuka kwenye giaboksi, fundi wengi watakwambia sili ya nyuma ya krenki, washushe giaboksi. Wazuie. Kwanza wakague sensa ya kemshafti iliyo nyuma ya kichwa cha injini. Ndani yake kuna oringi (pete ya mpira) moja ambayo hukauka na kuwa ngumu kama plastiki. Wachore alama ya mahali sensa ilipokaa, wafungue boliti moja ya 12, waweke oringi mpya, warudishe kwenye alama ile ile, halafu wapime taiming ya moto wa plagi: nyuzi 10 kabla pistoni haijafika kilele, huku matundu yaliyoandikwa TEN na GND yameunganishwa kwa waya kwenye kile kiboksi cheusi cha uchunguzi chini ya boneti. Bila waya huo namba watakayoisoma si ya kweli. Ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kushusha giaboksi.

Breki za nyuma: pistoni yake hairudishwi kwa kusukuma na jeki au klampu, utaivunja. Nyuma ya kalipa kuna boliti ya 14, ukiitoa unakuta tundu la funguo ya pembe sita ya milimita 4. Zungusha kinyume cha saa, pistoni inarudi. Ukishaweka pedi mpya, kaza hadi diski ishikwe, kisha legeza theluthi moja ya mzunguko. Hendibreki isiyoshika kwenye gari hili mara nyingi inatibika hapo hapo.

Upepo wa Kusi

Mzee, Shangani ni pazuri kwako lakini ni pagumu kwa gari hili. Miezi ya kusi ndiyo mibaya: upepo unabeba chumvi hadi ndani ya banda, chumvi inavuta unyevu wa usiku, na bati linabaki na maji hata siku isiyo na mvua.

Turubai la plastiki au nailoni moja kwa moja juu ya gari ni kosa. Linafungia unyevu ndani na linasugua rangi upepo ukivuma. Unachohitaji ni banda lenye paa, ukuta upande wa bahari, na upande wa pili wazi ili hewa ipite. Sakafu iwe ya saruji, kwa sababu mchanga hupumua unyevu kwenda juu. Ukitaka kufunika, tumia kitambaa cha pamba.

Osha chini ya gari kwa maji baridi ya bomba, kila wiki wakati wa kusi na kila urudipo kutoka ufukweni. Tumia mpira wa kawaida, maana mashine ya presha inapenyeza maji kwenye viungo na kung'oa mpira wa hudi. Halafu liendeshe angalau nusu saa likauke, lisiegeshwe likiwa bichi.

Kuna mazoea ya kupuliza oili chafu chini ya gari. Kwenye Roadster sikubaliani nayo kabisa. Bushi zake zote ni za mpira, na oili inauvimbisha na kuulegeza. Juu ya hapo inashika mchanga, na mchanga wenye chumvi ukigandamana na bati umejitengenezea kutu mwenyewe. Nunua nta ya kuzuia kutu yenye mrija mrefu, ipulize ndani ya mabati ya chini ya milango kupitia matundu yenye vifuniko vya mpira, bati likiwa kavu kabisa. Rudia kila mwaka kabla ya mvua za Desemba.

Jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha: boliti za kurekebisha alaimenti kwenye mikono ya chini huganda na kutu ndani ya bushi. Zikishaganda, hakuna alaimenti tena hadi zikatwe. Zifunguliwe mapema, zipakwe grisi, zifungwe kwenye alama zake.

Dereva wa Mingoyo

Kuhusu barabara. Mtwara hadi Mikindani, Mingoyo na Lindi ni lami, Mingoyo hadi Masasi pia. Roadster iko sentimita 14 tu kutoka ardhini, kwa hiyo matuta ya vijijini yapande polepole na kwa kukata pembe kidogo, tairi moja moja, ili sailensa isikwame. Ufukwe wa Msimbati usahau, ule mchanga si wa gari hili. Msimu wa korosho malori ni mengi barabara ya Masasi, na dereva wa lori hakuoni ukiwa chini ya kioo chake. Washa taa mchana, usikae ubavuni mwake.

Tairi ni 185/60R14, upepo PSI 26 kila moja. Wajaza upepo wamezoea 32 na 35, watakujazia hivyo usipowasimamia, na gari litarukaruka na kuteleza kwenye lami yenye maji. Tairi la akiba ni lile jembamba la muda, mwendo usizidi 80, na umbali wa kufika kwa fundi wa pancha tu.

Magoti: sukuma kiti nyuma hadi mwisho, fungua mlango wote, geuka uketi kwanza ukiwa umeligeuzia gari mgongo, ndipo uingize miguu yote miwili pamoja. Kutoka ni kinyume chake, mkono mmoja kwenye fremu ya kioo cha mbele, kamwe usiegemee mlango, bawaba zitashuka. Hudi ikiwa imefunguliwa ni rahisi zaidi. Uliza pia kama lina pawa stelingi, maana baadhi ya za Japani hazina. Likiwa linatembea utalipenda hivyo hivyo, lakini kuegesha sokoni mabega yatasema. Buti ni lita 124, mzigo wa Masasi uende na gari lingine.

Kuhusu kadi: namba ya chesisi ianze na NA6CE na ifanane na iliyogongwa kwenye bati nyuma ya injini. Angalia faini za trafiki kabla ya kubadilisha umiliki TRA. Bima kubwa kwa gari la umri huu omba kwa maandishi kabla ya kulipa, kampuni nyingi zitakupa ndogo tu.

Mzee wa Shangani

Nawashukuru sana. Nimelikagua leo. Puli ina mianya minne na haiyumbi. Bati ni gumu pande zote, sumaku imeshika. Maji yametoka upande wa dereva, upande wa abiria yamegoma. Betri ni ya maji ya kawaida, rangi imebabuka chini yake lakini hakuna tundu. Klachi inashuka laini, gia ya kwanza na rivasi zinakataa mpaka nipige pampu mara mbili. Muuzaji anasema diski ya klachi imeisha, anapunguza bei kidogo.

Spana Kumi na Mbili

Mzee, hizo dalili si za diski. Diski ikiisha gari linaunguruma bila kuvuta, gia zinaingia bila shida. Kwako mafuta ya klachi yanavuja. Nenda kwenye ile silinda ndogo ya chini, ubavuni mwa giaboksi, inua ukingo wa mpira wake wa vumbi. Ukiona majimaji, ndiyo hiyo. Badilisha silinda ya chini, silinda ya juu (master) na mpira unaoziunganisha kwa pamoja, kwa sababu ukibadilisha moja, nyingine iliyochoka hufuata. Mafuta ni DOT 4, toa hewa hadi yatoke bila mapovu. Punguzo la diski lichukue, lakini usifungue giaboksi.

Mfereji uliogoma uzibue kwa waya wa nailoni wa mashine ya kukatia majani, ule mnene. Waya wa chuma utatoboa mpira wa mfereji, na kompresa inaweza kuuchomoa kwenye bati, ukaanza kumwagia maji mahali usipopataka. Endelea kumimina na kuchokoa hadi yatoke safi, halafu upande huo upulize nta mapema kuliko mwingine.

Chini ya betri kwaruza, osha kwa maji yenye magadi soda, kausha, paka praima na rangi, kisha weka betri ya kufungwa.

Spea: mkanda, plagi na filta uliza Kariakoo kwa jina la Familia yenye injini ya B6, lakini peleka cha zamani kilinganishwe. Silinda za klachi, hudi na mipira yake agiza Japani kwa namba ya chesisi. Mazda walianza mwaka 2018 huduma ya kukarabati Roadster za toleo hili na kurudisha baadhi ya vipuri vyake, hudi ikiwemo. Oringi ya sensa na mkanda viagize sasa hivi, kabla hujalihitaji gari kwa safari ya Masasi.

Bi Rejeta

Na oili ya giaboksi mzee, mkiwa chini hapo: lita 2 za 75W-90, kwenye kopo iandikwe daraja la GL-4. Fungueni boliti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, maana ikigoma kufunguka baada ya kumwaga, gari limebaki kavu juu ya mawe.