MJADALA: Kwa nini mpaka leo wanawake wanazuiwa kucheza kabuki?

Mpenda Jukwaa: Wakuu habari zenu. Mimi Japani nimeijua kupitia haiku, yale mashairi yao mafupi ya mistari mitatu, ndo nikaja kwenye maigizo yao, na kuna jambo linanikera. Kabuki, ile tamthilia yao ya jadi ya kuigiza, kuimba na kucheza ngoma, ilianzishwa na mwanamke, Okuni, pale Kyoto mwaka 1603. 1629 shogun, mtawala wa kijeshi wa enzi hizo, akawapiga marufuku wanawake eti maadili, wakaingia wavulana, 1652 nao wakatolewa kwa sababu ile ile, wakabaki wanaume watu wazima. Marufuku yenyewe ilikufa enzi za mfalme Meiji (1868-1912). Sasa binti aliyezaliwa kwenye ukoo wa waigizaji, kakulia nyuma ya pazia, anazuiwa na nini kurithi jina la jukwaani la babake kama kaka zake? Kwangu hii ni dhuluma iliyovalishwa kimono.

Kumadori: Dhuluma wapi bwana. Onnagata, mwanaume anayecheza nafasi za kike, unamjua au umesoma juu juu? Ayame wa kwanza, onnagata maarufu wa zamani, aliwafundisha wenzake kwamba onnagata aishi kama mwanamke hata akiwa nje ya jukwaa, hata kula ale akiwa amegeukia pembeni. Mwangalie Tamasaburo, onnagata wa siku hizi, mtu mrefu yule, anakunja magoti ndani ya kimono, anabana mabega nyuma na kuyashusha mpaka unaona binti mdogo mbele yako. Hiyo kazi ya maisha mazima mnataka mumpe mtu kwa sababu tu kazaliwa mwanamke? Na Takarazuka, lile kundi la maigizo ya muziki la Japani, mbona hamuigusi, wanawake watupu jukwaani tangu 1914, wanaume wote wanachezwa na wadada na hakuna anayelia. Rudi kwenye haiku zako, mistari mitatu hata mtoto wa darasa la pili anaandika.

Mama Vina: Hee! Mambo ya kabuki sikutaka kuingia ila hapo kwenye haiku umenigusa pabaya. Hiyo mistari mitatu ina mizani 5-7-5, ndani yake lazima pawe na kigo, yaani neno la msimu, ukitaja chura tu Mjapani ameshajua ni majira ya kuchipua, halafu kuna kireji, neno la kukata, linalosimamisha shairi katikati ili pande mbili zitazamane. Yote hayo ndani ya mizani 17. Mlete huyo mtoto wako wa darasa la pili.

Mshairi wa Pwani: Dada yangu nakuheshimu, lakini shairi bila vina kwangu halijakamilika. Sisi tumelelewa na vina vya kati na vya mwisho, ukikosea mizani wazee wanakukata kauli hapo hapo. Haiku vina haina kabisa.

Mama Vina: Kaka usiwapimie wenzio kwa pishi la kwenu. Kijapani karibu kila silabi inaishia na irabu, na irabu zenyewe ni tano tu, vina vingejitokeza bila jasho, utamu uko wapi? Wao walitia nguvu kwenye hesabu. Hata ile n inayosimama peke yake ni mizani moja, na irabu ikivutwa ni mizani mbili, ndo maana Tokyo wanaihesabu nne, to-o-kyo-o.

Mpenda Jukwaa: Jamani turudi kwenye mada. Noh, maigizo yao mengine ya jadi, ni kongwe kuliko kabuki na chama chao kilipokea wanawake mwaka 1948. 2023 Terajima Shinobu, binti wa mwigizaji wa kabuki Kikugoro wa saba, alipanda jukwaa la Kabuki-za, ukumbi mkuu wa kabuki pale Tokyo. Jukwaa lilianguka? Kumadori nijibu.

Kumadori: Nakujibu nini wakati umeshatuita madhalimu? Nimeipenda sanaa hii tangu nilipoona mwigizaji anatokea hanamichi, ile njia inayokatiza katikati ya watazamaji, akakaza mie, yaani kuganda ghafla kwa mkao wa kishindo, macho yamekodolewa, mbao za tsuke zinapigwa, mtu nyuma anapaza "Naritaya!", jina la nyumba ya ukoo wa mwigizaji. Nywele zilinisimama. Halafu unakuja kuniambia nashangilia dhuluma. Ondoa hilo neno kwanza.

Mpenda Jukwaa: Siliondoi. Kuipenda hakuzuii kuona aliyefungiwa mlango. Hata mafunzo ya National Theatre yaliyoanza 1970 kwa watu wasio wa koo za waigizaji, yalichukua wavulana tu. Mtoto wa mtu baki alipewa nafasi, binti wa ukoo wenyewe wa waigizaji akaambiwa akajaribu filamu.

Mshairi wa Pwani: Mama Vina sijamalizana na wewe. Kama wametia nguvu kwenye hesabu, mbona Basho mwenyewe, mshairi wa haiku, ana shairi la kunguru kwenye tawi kavu ambalo mstari wa kati umezidi? Ka-ra-su no to-ma-ri-ke-ri, tisa hizo. Huyo ndiye mkuu wao, kapitiliza mbili.

Mama Vina: Kapitiliza kwa makusudi na wana jina lake, ji-amari! Kunguru anatua, jioni ya vuli inaingia, mstari unaburuta kama jioni yenyewe. Wewe ungekata mbili ili hesabu itimie, ungebaki na hesabu, kunguru kaenda.

Mshairi wa Pwani: Basi sheria si sheria. Akizidisha mkubwa ni ufundi, nikizidisha mimi ni kosa?

Mama Vina: Lete lako lililozidi tulisome.